Kabla Hujapiga Formati: Namna ya Kuripoti Kuanguka kwa Kerneli ya Linux

Huku kwetu Kisumu kompyuta ikisumbua mara mbili tatu, dawa inajulikana: piga formati, weka mfumo upya, pokea pesa, ondoka. Mimi natunza kompyuta za shule, saiba na ofisi ndogo ndogo kuanzia Kondele mpaka Ahero, na nimeona formati hiyo ikimrudisha fundi kwa mteja yule yule mwezi hadi mwezi. Ukifuta diski umefuta ushahidi. Na kama kasoro imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo kinachounganisha programu na vifaa, utaiweka tena kwa mkono wako pamoja na mfumo mpya, kwa sababu kerneli ni ile ile.

Lipo jambo lingine linaloniuma zaidi. Mashine zetu nyingi ni za mtumba, deskitopu zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya kwa miaka mingi, zenye RAM ya GB 4 na kadi ya waifai ya USB iliyonunuliwa kando ya barabara. Wanaoandika kerneli huijaribu kwenye mashine walizo nazo, na hizi zetu mara nyingi hazimo. Toleo jipya likizivuruga, sisi ndio tunaoona. Tukinyamaza, hakuna mwingine wa kusema.

Nitaeleza kwa njia ya Linux, hasa mifumo yake ya Ubuntu na Debian, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo kila siku. Kwa Windows nitasema hili tu: piga picha ile skrini ya buluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi) ili upate jina la kosa, kisha tafuta faili ndogo katika C:\Windows\Minidump kabla hujagusa kitu kingine. Mengi ya yanayofuata kuhusu kupima vifaa na kuandika ripoti yanafaa huko pia.

Je, ni kerneli kweli?

Mteja atakwambia "imezima" au "imehangi", na maneno hayo mawili yanabeba mambo mengi tofauti. Muulize aliona nini hasa, kisha ujionee mwenyewe.

Programu moja ikijifunga na nyingine zikaendelea, hiyo si kerneli. Skrini ikiganda lakini ukibonyeza Ctrl+Alt+F3 ukapata skrini nyeusi ya kuingilia, au ukiipigia ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo) kutoka mashine ya jirani ikajibu, kerneli ingali hai na tatizo mara nyingi liko upande wa michoro. Ukikuta kwenye logi (daftari ambamo mfumo hujiandikia matukio yake) mstari wenye maneno "Out of memory: Killed process", kerneli imeua programu kwa makusudi ili mashine isikwame yote. Hiyo hutokea sana kwenye kompyuta za GB 2 zilizofunguliwa tabo nyingi za kivinjari. Usimwandikie mtu ripoti kwa hilo, ongeza RAM.

Mashine inayozima papo hapo bila kuacha hata neno moja kwenye logi, mimi huanza kuishuku joto na stima. Chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, feni imeshiba vumbi na wadudu wa ziwani, prosesa inafika kikomo chake cha joto na mashine inajizima ili isiungue. Au stima inashuka kidogo, taa za chumbani hazizimi ila pawa saplai iliyochoka inaachia. Fungua kasha, pangusa, tazama kama kuna kapasita zilizovimba kichwani, jaribu na UPS nzima. Nusu ya "kerneli" ninazoletewa huishia hapo.

Kerneli yenyewe ikianguka huwa na sura mbili. Ya kwanza huitwa oops: kerneli imekutana na jambo lisilowezekana, inaiua kazi iliyokuwa ikifanywa, inaandika malalamiko kwenye logi, kisha inaendelea kwa kuchechemea. Mtumiaji anaweza asijue chochote mpaka saa moja baadaye printa inapokataa kujibu. Ya pili ni panic: kerneli imesimama kabisa, panya hasogei, na kwenye laptopu au kibodi za zamani za PS/2 utaona taa ya Caps Lock ikiwaka na kuzima. Zote mbili huacha maneno. Kazi yako ya kwanza ni kuyapata maneno hayo yakiwa mazima.

Kuyakamata maneno

Washa mashine, fungua terminali, uliza logi ya kerneli ya safari iliyotangulia, yaani tangu mashine ilipowashwa mara iliyopita mpaka ilipozimika:

journalctl -k -b -1 > kuanguka.txt

Ukitaka kuona safari zote zilizohifadhiwa, tumia journalctl --list-boots. Ikiwa inaonyesha moja tu, ya sasa, maana yake logi inakaa kwenye RAM na inapotea kila mashine inapozimwa. Rekebisha hapo hapo, kisha usubiri ianguke tena:

sudo mkdir -p /var/log/journal
sudo systemctl restart systemd-journald

Kwa oops hii hutosha mara nyingi. Kwa panic mara nyingi haitoshi, kwa sababu kerneli iliyosimama haiwezi tena kuandika kwenye diski. Mistari unayoihitaji ndiyo ile ambayo haikufika. Angalia basi ndani ya /sys/fs/pstore na /var/lib/systemd/pstore. Baadhi ya mashine za UEFI (mfumo wa kuwashia mashine uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) huhifadhi humo maneno ya mwisho ya kerneli, kwenye kumbukumbu ya bodi yenyewe, na unaweza kuyakuta yakikungoja.

Pakiwa patupu, kuna simu yako. Kabla ya kufanya lile linaloiangusha mashine, hamia skrini nyeusi kwa Ctrl+Alt+F3, kwa sababu panic ikitokea ukiwa kwenye skrini ya madirisha mara nyingi huoni kitu ila picha iliyoganda. Piga picha skrini nzima, bila mwako, lensi imefutwa, simu imenyooka. Piga kadhaa uchague inayosomeka. Lakini jua kwamba skrini hubeba mwisho wa habari tu, na mwanzo ndio wenye thamani. Mwanzo huo umekwisha kupanda juu na kupotea.

Kwa hiyo njia ninayoipenda kuliko zote ni netconsole. Kerneli hutuma kila neno lake kupitia waya wa mtandao kwenda kompyuta nyingine, hata pale inapokata roho. Unahitaji mashine mbili kwenye ruta moja, na ile mgonjwa iwe kwa waya, si kwa waifai. Kwenye mashine ya kupokea, tuseme ina anwani 192.168.1.10:

nc -u -l 6666 | tee kuanguka.txt

Aina nyingine ya nc hutaka uandike -p kabla ya 6666. Kwenye mashine mgonjwa, yenye anwani 192.168.1.20 na kadi ya mtandao iitwayo enp2s0:

sudo dmesg -n 8
sudo modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.20/enp2s0,6666@192.168.1.10/

Jaribu kwanza kwa echo jaribio | sudo tee /dev/kmsg. Neno "jaribio" likitokea upande wa pili, umetega vizuri. Iache mashine ifanye kazi zake za kawaida mpaka siku itakapoanguka. Vijana ninaowafundisha huona hii ni kazi nyingi. Ni dakika chache, na kilichopatikana kwa njia hii ni maandishi halisi ambayo mtu aliye Ujerumani au Japani anaweza kuyatafuta, kuyanakili na kuyalinganisha. Picha ya simu haitafutiki.

Kwa seva ambayo haina ruhusa ya kulala, weka kdump. Kwa Ubuntu ni sudo apt install linux-crashdump, kisha uwashe upya. Sehemu ya RAM hutengwa kwa kerneli ya pili inayoamka ile ya kwanza ikifa, nayo huhifadhi mabaki ndani ya /var/crash. Kwenye kompyuta ya GB 2 siiweki, kwa kuwa RAM hiyo iliyotengwa mteja ataililia.

Kuisoma

Karani wa shule moja ya upili upande wa Ahero alinipigia: "Fundi, mashine imekufa tena, na barua za wazazi hazijatoka." Shule ina kadi moja ya waifai ya USB na ofisi mbili zinazoihitaji, kwa hiyo kadi huchomolewa huku ikapelekwa kule. Hiki ndicho nilichokikuta kwenye logi. Jina halisi la moduli ya kadi hiyo, yaani kipande cha programu kinachoiwezesha kerneli kuendesha kifaa, nimeliondoa, nimeandika wfusb mahali pake:

[ 4127.318842] usb 2-1.3: USB disconnect, device number 5
[ 4127.402117] BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000048
[ 4127.402150] Oops: 0000 [#1] SMP PTI
[ 4127.402158] CPU: 1 PID: 2417 Comm: kworker/1:2 Tainted: G OE 5.15.0-91-generic
[ 4127.402171] RIP: 0010:wfusb_tx_cleanup+0x2c/0x90 [wfusb]

Tarakimu za kushoto ni sekunde tangu mashine ilipowashwa. Kwa hiyo mashine ilikuwa imefanya kazi saa moja na dakika nane hivi. Mstari wa kwanza si wa kuanguka, ni wa kawaida kabisa: kifaa cha USB kimechomolewa. Lakini kati yake na kosa hakuna hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fundi anayekata logi kuanzia neno "BUG" anautupa mstari unaoeleza chanzo. Mimi huanza kunakili mistari mingi kabla ya kosa, na kwa hakika bora upeleke logi yote tangu kuwashwa.

Neno "NULL pointer dereference" linasema kerneli ilijaribu kusoma mahali ambapo hapana kitu. Anwani 48 ni ndogo mno. Kwa kawaida hiyo humaanisha moduli ilishika kitu kilichokwisha kuondolewa na ikataka kusoma sehemu yake ya ndani. Alama [#1] inasema hii ndiyo oops ya kwanza tangu mashine iwashwe. Tafuta hiyo kila mara. Ukikuta [#2] au [#3], panda juu. Kerneli iliyokwisha kujeruhiwa hutoa makosa mengine yasiyo na maana, na ukiripoti la tatu utampoteza anayekusaidia.

"Comm" hutaja kazi iliyokuwa kwenye prosesa wakati huo, na si lazima iwe ndiyo mwenye kosa. Mshukiwa huonyeshwa na mstari wa RIP: kipande cha msimbo (function) kiitwacho wfusb_tx_cleanup, baiti 44 ndani ya kipande chenye urefu wa baiti 144, na jina lililo kwenye mabano ya mraba ni la moduli inayokimiliki. Chini yake hufuata Call Trace, yaani nani alimwita nani mpaka tukafika hapo. Mistari yenye alama ya kuuliza mwanzoni haina uhakika, lakini usiifute.

Kisha "Tainted". Hili ndilo neno ambalo waandishi wa kerneli hulitazama mapema kuliko mengine. Herufi O inasema kuna moduli iliyotoka nje ya kerneli, E kwamba haikusainiwa. Ungeona P, kuna moduli ya siri ya kampuni. W, kulikuwa na onyo kabla. D, kerneli ilikwisha kuanguka kabla ya hapa. M, vifaa vyenyewe vimelalamika. Kuona hali ya sasa, andika cat /proc/sys/kernel/tainted. Jibu la 0 ni kerneli safi.

Moduli ya kadi ile ilikuwa imepakuliwa mtandaoni na kujengwa na mtu kabla yangu. Amri dkms status, inayoorodhesha moduli zilizojengwa kando kwa njia hiyo, iliitaja mara moja. Niliiondoa, nikaweka kerneli mpya zaidi ambayo ina moduli yake ya ndani kwa kadi hiyo, tukachomoa na kuchomeka mbele ya karani huku faili kubwa ikipakuliwa, na mashine haikuanguka. Basi ripoti ilikwenda kwa mwandishi wa ile moduli ya nje, na watu wa kerneli hawakuwa na cha kufanya. Kama ingeanguka hata kwa moduli ya ndani, ripoti ingekuwa yao, tena ingekuwa na nguvu mara mbili, kwa sababu herufi O ingekuwa imeondoka.

Viondoe vifaa kwenye shaka

Kuna kanuni inayonisaidia sana. Ukikusanya mianguko kadhaa na RIP ni ile ile kila mara, shuku programu. Ikiwa kila mara ni mahali tofauti, leo mfumo wa faili, kesho michoro, keshokutwa mtandao, shuku RAM. Iwashe mashine kwa memtest86+ uiache ipime usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Ukiwa na vipande viwili vya RAM, pima kimoja kimoja. Diski iulize kwa sudo smartctl -a /dev/sda, joto kwa sensors. Na utafute kwenye logi maneno "Hardware Error" yaliyotanguliwa na mce. Hayo ni prosesa yenyewe ikisema kuna hitilafu ya vifaa.

Fanya hivi kabla ya kuandika, kisha useme kwenye ripoti kwamba umefanya. Sentensi moja, "memtest86+ imepita usiku kucha bila kosa", inamwondolea msomaji swali la kwanza ambalo angekuuliza.

Maelezo ya mashine na mfumo

Hapa sitakawia, ni amri tu. Zikusanye kwenye faili moja:

uname -a
cat /etc/os-release
cat /proc/cmdline
lscpu
free -h
lspci -nnk
lsusb
lsmod
cat /sys/class/dmi/id/product_name
cat /sys/class/dmi/id/bios_version
cat /sys/class/dmi/id/bios_date

Kwenye lspci zile -nn ni za muhimu. Hutoa namba mbili ndani ya mabano, ya kampuni na ya kifaa. 8086, kwa mfano, ni Intel. Jina la biashara lililobandikwa kwenye boksi halitoshi, kwa sababu watengenezaji hubadilisha chipu ndani na kuacha boksi lile lile. Namba haibadiliki bila chipu kubadilika. Herufi k huonyesha moduli inayokiendesha kila kifaa. Tarehe ya BIOS usiidharau: mashine za mtumba nyingi hazijawahi kuguswa BIOS tangu zitoke kiwandani, na kuna mianguko inayokwisha kwa kuisasisha peke yake.

Lenye thamani kuliko yote halimo kwenye amri hizo. Ni hili: kilibadilika nini? Soma /var/log/apt/history.log uone ni lini kerneli mpya iliingia. Ubuntu huacha kerneli ya zamani kwenye diski. Washa mashine huku umeshika Shift, au Esc kwa mashine za UEFI, ingia kwenye Advanced options, chagua ya zamani. Ikiwa kwa ya zamani mashine inatulia na kwa mpya inaanguka, umeshika dhahabu. Linus Torvalds, aliyeianzisha kerneli hii mwaka 1991, ana msimamo mkali unaojulikana: kilichokuwa kikifanya kazi hakipaswi kuvunjwa na toleo jipya. Ripoti inayosema "toleo hili lilikuwa zima, linalofuata linaanguka" hupata macho haraka kuliko ile inayosema "inaanguka tu".

Anayeweza kwenda mbali zaidi atumie git bisect. Kati ya toleo moja na jingine huingia mabadiliko zaidi ya elfu kumi, lakini ukigawa nusu kwa nusu, majaribio kumi na manne hivi yanakufikisha kwenye badiliko moja lenye kosa. Kujenga kerneli kwenye deskitopu ya mtumba huchukua saa nyingi, kwa hiyo azima mashine yenye nguvu, na uanze na make localmodconfig ili ujenge moduli zinazotumika tu.

Faragha ya mteja

Hapa naomba mnisikilize, ndugu zangu mafundi, kwa sababu ripoti nyingi husomwa na dunia nzima na hazifutiki. Logi hubeba jina la kompyuta, anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi za mtandao), namba za usajili za diski na vifaa vya USB. Badilisha hizo kwa XX, lakini usiguse hata herufi moja ya mistari ya kuanguka. Faili ya kdump ni jambo zito zaidi: ni nakala ya kumbukumbu ya mashine, na ndani yake mna nywila, barua, pengine alama za wanafunzi au namba za vitambulisho. Usiipakie hadharani hata ukiombwa kwa upole. Nchini mwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, mteja alikupa mashine, hakukupa siri zake.

Kuandika na kupeleka

Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Kichwa (mifano hapa naitoa kwa Kiswahili ili tuelewane) kitaje toleo la kerneli, moduli au kipande cha msimbo kilichoanguka, na tendo linalosababisha. "Kompyuta inazima, nisaidieni haraka" hakifunguliwi na mtu. "Kerneli 5.15.0-91: oops ndani ya wfusb_tx_cleanup kadi ya waifai ya USB inapochomolewa wakati wa kupakua" kinafika kwa mwenyewe kabla ya jua kuzama.

Ndani, anza na ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea. Kisha namna ya kuirudia: chomeka kadi, unganisha, anza kupakua faili kubwa, chomoa. Sema inatokea kila mara, au mara nyingi, au kwa nadra, na sema pia lini haitokei. Kwa karani wetu, kuchomoa bila kupakua hakukuwa na neno, na habari hiyo peke yake ilionyesha kosa liko kwenye data iliyokuwa njiani. Usitoe hukumu mwanzoni. Mgonjwa anayemwambia daktari "nina malaria" badala ya kusema anaumwa wapi na tangu lini humchelewesha. Ukiwa na dhana yako, iandike mwishoni na useme ni dhana. Kisha mistari ya kuanguka, na logi yote pamoja na maelezo ya mashine kama viambatisho vya maandishi tupu. Usiruhusu programu ya barua ivunje mistari mirefu.

Wapi? Kama unatumia kerneli ya Ubuntu, andika ubuntu-bug linux kwenye mashine ile ile. Itakukusanyia mengi ya hayo yenyewe. Debian ina reportbug. Kerneli za mifumo hii zina marekebisho yao, kwa hiyo wao ndio mlango wa kwanza. Ukitaka kwenda kwa waandishi wa kerneli wenyewe, jaribu kwanza kerneli mpya kabisa isiyoguswa na mfumo wowote, kisha utafute msimamizi wa sehemu husika ndani ya faili iitwayo MAINTAINERS, au uulize scripts/get_maintainer.pl. Wengi wao hupokea kwa barua pepe ya maandishi tupu. Barua za HTML hukataliwa na orodha zao. Ikiwa ni kitu kilichovunjwa na toleo jipya, weka nakala kwa regressions@lists.linux.dev. Na ukigundua kwamba mtumiaji yeyote, au mtu aliye nje kwenye mtandao, anaweza kuiangusha mashine akitaka, usiseme hadharani, andikia security@kernel.org.

Baada ya kutuma, kaa karibu na barua zako. Utaulizwa ujaribu hiki na kile. Jibu kwa matokeo, hata kama ni "bado inaanguka", na uambatishe logi mpya. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha kwa adabu mara moja. Ukitumiwa marekebisho na yakafanya kazi, sema hivyo waziwazi na uruhusu jina lako liandikwe kwenye mstari wa Tested-by. Hubaki kwenye historia ya kerneli.

Wakati huo mteja anataka barua zake zichapwe leo. Mwachie kerneli ya zamani iliyo nzima. Kwenye /etc/default/grub weka GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true, endesha sudo update-grub, kisha uwashe upya na uichague ile nzima mara moja; itakumbukwa. Zuia mpya zisiingie:

sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic

Lakini kumbuka kuwa umezuia pia marekebisho ya usalama ya kerneli. Andika kwenye karatasi, ibandike upande wa kasha: kerneli imeshikiliwa, tarehe, namba ya ripoti. Marekebisho yakitoka, amri ni ile ile ukibadilisha hold iwe unhold, kisha sasisha, washa upya na uichague kerneli mpya kwenye menyu, na ukae hapo na karani mpaka achomoe kadi yake mara kadhaa.